Kuku wa Mguu wa Kushoto

Fundi hakupenda kushikana mikono. Ukimnyooshea mkono kumsalimia, alikugusa kiganja kwa ncha za vidole tu, haraka, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto, kisha akaurudisha mkono wake ndani ya kanga. Wageni walidhani ni maringo. Sisi majirani tulijua anatuhurumia. Vidole vyake vikikaa kwenye mkono wa mtu vilianza kusoma, na vikishasoma, ulimi wake haukujua kuficha.

Siku moja alikuja mchungaji mgeni, mtu wa furaha nyingi, akamshika mkono na kuung'ang'ania huku akimbariki. Fundi akamtazama kwa huzuni. "Kiwiko hiki kilifungwa na mtu mwenye hasira," alisema. Mchungaji alicheka. Halafu akaacha kucheka, akasema kwamba ni baba yake aliyemfunga, na ni baba yake huyo huyo aliyemvunja.

Tulimwita Fundi tu. Waliotoka mbali waliongeza: fundi wa mifupa. Aliishi peke yake upande wa Zagayu, katika nyumba ya bati iliyozungushiwa minyaa, mashamba mawili ya pamba kutoka kwetu. Watu waliletwa kwake kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa bodaboda wakiwa wamebanwa katikati ya ndugu wawili. Ukimwita mganga alikasirika.

"Mganga anajua aliyekuroga," alikuwa akisema. "Mimi najua ulipovunjika. Ukitaka la kwanza, umepotea nyumba."

Jumapili alikwenda kigangoni kama mama yangu, akaimba kwa sauti mbaya na kubwa. Jumatatu alirudi kwenye vijiti vyake na vitambaa. Sikumbuki kumwona akipata shida kati ya siku hizo mbili. Shida niliipata mimi kwa niaba yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimerudi kutoka chuo na shahada ya ualimu, Biolojia na Kemia, nikisubiri ajira, na mama yangu husema kwamba ukinituma chumvi nitarudi na maswali.

Swali langu kubwa kwa Fundi lilikuwa kuku.

Kila alipomfunga mtu mguu, alimfunga na kuku. Alichukua kuku wa mgonjwa mwenyewe, akamvunja mfupa wa upande ule ule, akamnyoosha na kumfunga vijiti kama alivyomfunga mwenye kuku. Kisha mgonjwa alirudi kwao na kuku akabaki. Siku kuku alipoanza kuparura ardhi kwa miguu yote miwili, Fundi alituma salamu: tupa fimbo. Kuku huyo hakuliwa kamwe. Alizeeka pale uani akiwa na jina la mtu wake, kwa hiyo ukipita nje ya minyaa ungesikia, "Dereva, toka kwenye unga!" au, "Mwalimu ametaga wapi leo?" Mwalimu mwenyewe wa shule ya msingi aliwahi kuingia na kumkuta Fundi akimfukuza Mwalimu kwa ufagio. Hakurudi tena, ingawa mguu ulipona vizuri.

Ua ule sikuupenda. Kuku wengine ukiingia hukimbia. Wale walisimama, wakageuza vichwa, halafu wakakufuata polepole, kila mmoja na kovu lake la mwendo: huyu anavuta, huyu anachechemea kidogo, huyu anatua mguu kwa uangalifu kama bado anakumbuka. Mwaka mmoja, yule aliyeitwa Dereva alianguka akiwa anaparura, akafa bila ugonjwa. Fundi alimfunika na beseni, akaketi mlangoni kusubiri. Siku ya pili yake ikaja simu kutoka Shinyanga kwamba dereva mwenyewe amefariki. Nilitafuta maelezo ya jambo hilo kwa wiki nzima. Kuku hufa, madereva hufa, nilijiambia. Lakini sikupata maelezo ya lile beseni, wala ya kwa nini Fundi alisubiri simu akiwa ameshavaa kanga ya msiba.

Nilimuuliza kwa nini asiwaulize tu wagonjwa kama wanasikia maumivu.

"Mgonjwa ni mwongo," alisema. "Anayetaka kurudi shambani atasema hasikii. Anayetaka kuhurumiwa atasema anasikia. Kuku hana shamba, hana mume. Akiweza kukanyaga, atakanyaga."

Nililiandika jibu hilo kwenye daftari, kwa kuwa nililiona la akili. Sikuona hatari iliyokuwa ndani yake.

Asidhani mtu kwamba Fundi aliidharau hospitali. Mfupa uliotoboa ngozi hakuugusa. "Umetoka kuchungulia, huo si wangu," alisema, akawafukuza hadi Bariadi na gari lile lile lililowaleta. Alijua mpaka wa vidole vyake kuliko wasomi wengi wanavyojua mpaka wa vyeti vyao. Kwa hiyo siku aliyoteleza kwenye tope la kisimani, akalala ubavu huku mvua ikimnyeshea, hakumruhusu mtu amwinue kabla hajajipapasa. Alifika nyongani, akabonyeza, akafumba macho.

"Shingo ya paja," alituambia. "Hapa vidole havifiki. Nipelekeni kwa wenye visu."

Mguu wa kushoto wa Fundi ulivunjika mara mbili. Wako wanaosema mara tatu, lakini mimi nilikuwepo.

Nilimsindikiza hadi Mwanza, kwa kuwa mama alisema msomi ndiye anayejua kuongea na madaktari. Baada ya upasuaji, daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alituonyesha picha kwenye kompyuta. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimetolewa. Mahali pake palikuwa na kichwa cha chuma chenye mkia mrefu, ulioshuka ndani ya mfupa kama mkia wa kisu unavyoshuka ndani ya mpini.

"Mkia unaishia hapa," daktari alisema, akiweka kalamu kwenye picha. "Juu ya hapa mfupa una chuma, chini ya hapa hauna. Bibi akianza kusikia maumivu ya paja anapokanyaga, msisubiri yazidi. Mleteni tupige picha. Mfupa unaweza kupasuka pale hata bila kuanguka."

Nilimtafsiria kwa Kisukuma, sikuacha kitu. Fundi alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba mkono wa daktari. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiomba mkono wa mtu asiyevunjika. Akaushika muda mrefu, kidole baada ya kidole.

"Huyu hajawahi kuvunjika mahali popote," akaniambia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kumsikitikia. "Atajuaje?"

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anashukuru," nikasema.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Ndivyo nilivyo. Neno likionekana litamuumiza mtu, nalishika mimi mwenyewe, halafu sijui pa kuliweka.

Tulipomrudisha nyumbani, jambo la kwanza aliloomba ni kuku. Mama alimshikilia: jike lenye madoa kama ya kanga wa porini, kidole cha kati kimepinda. Fundi, akiwa ameketi kwenye kiti na magongo yake pembeni, alimvunja mguu wa kushoto, paja, kwa mwendo mmoja mdogo wa gumba. Mlio wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia.

"Umesomea viumbe hai," alinitania huku akifunga kitambaa, "mbona unaangalia bati?"

"Mayu," nikasema, kama tunavyomwita kila mama kwa Kisukuma, "kuku huyu hana chuma."

Vidole viliendelea kuzungusha kitambaa. "Mfupa ni mfupa," alisema mwishowe. Katika miaka yote hiyo ndilo jibu pekee aliloniacha nalo nikahisi hakulisikia swali. Kuku wengine wote aliwapa majina ya watu wao. Huyu hakumpa jina.

Kuku alipona. Alipoparura kwa miguu miwili, Fundi alitupa magongo juu ya dari, mapema kuliko daktari alivyotaka. Mimi nilitumwa kila asubuhi kumfungulia kuku na kumtekea maji, maana hakuweza kuinama. Nilipofika nilisalimia nikiwa bado nje ya minyaa.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu." Salama tu.

"Leo kisigino cha kulia kinatua kwanza," angeweza kusema kutoka ndani. "Viatu vipya hivyo, vitakuua."

Ilipofika wakati wa kuvuna pamba nilianza kumwona akisimama katikati ya mlango na jiko. Alisimama kama mtu aliyesahau alichofuata, kiganja kikiwa kwenye paja, katikati, mahali pale pale pa kalamu ya daktari. Nilihesabu mara ngapi. Nilihesabu na hatua kati ya kusimama na kusimama. Siku ya nne nikapata ujasiri.

"Mayu, paja linauma?"

"Linasema linauma."

"Daktari alisema—"

"Daktari alisema nikisikia maumivu. Mimi sasa ni mgonjwa, na mgonjwa ni mwongo. Labda naogopa tu. Kuku anatembeaje?"

"Vizuri."

"Basi." Kisha, akaona uso wangu, akalegea. "Sikiliza, mwanangu. Siku asipotembea vizuri, siku hiyo hiyo utaniitia gari. Sitabishana na wewe. Nimesema."

Ndivyo tulivyokubaliana. Mkataba huo ulikuwa wazi kabisa, na mtoto wa darasa la pili angeutimiza.

Asubuhi niliyofungua banda na kuona yule kuku wa madoa amebaki ndani, kulikuwa kumekucha kabisa, jua tayari liko kwenye bati. Wenzake walitoka, wakajipanga uani, wakageuka kumtazama. Alisimama kwa mguu mmoja. Nilipomsukuma alitua wa kushoto, akaunyanyua haraka, akaniangalia kwa jicho moja.

Ningesema pale pale. Fundi alikuwa mlangoni, hatua ishirini, anapepeta mchele. Badala yake nilianza kufikiri. Nilifikiri kwamba ni mwiba. Nikatafuta mwiba, sikuuona. Nilifikiri kwamba nikimwambia ataogopa, na mwenye hofu hutembea vibaya, na anayetembea vibaya huanguka, kwa hiyo mimi ndiye nitakuwa nimemvunja. Nilifikiri nitamwambia nini daktari: tumekuja, kuku anachechemea? Nilifikiri juu ya shahada yangu. Yote hayo nikiwa nimechutama, nimemshika kuku kifuani, na mapigo ya moyo wake yakigonga kwenye mapigo yangu hadi sikujua ni ya nani.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Nilimficha yule kuku kwenye ndoo, nikamfunika na kanga ya mama, nikampeleka kwetu. Mnadani nilizunguka hadi nikapata mwenzake: madoa yale yale, ukubwa ule ule, hata kidole cha kati kimepinda, jambo lililonitisha kidogo. Kabla ya jua kuzama alikuwa ndani ya ua wa Fundi, anaparura kwa miguu miwili.

"Kuku anatembeaje?" aliuliza kesho yake.

"Vizuri, mayu."

Hakusema "basi" kama kawaida yake.

Kwetu, yule wa kweli alikaa chini ya tenga jikoni siku tano. Siku ya sita nilikwenda Bariadi kufuatilia barua ya ajira, nikarudi nikakuta wageni, na mama ameshachinja. Sikuwa nimemwambia. Nilipewa paja, kwa heshima ya msomi. Nilikula kwa kuwa kutokula kungeleta maswali. Ndani ya nyama mfupa ulikuwa na fundo gumu mahali Fundi alipounga, na chini ya fundo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Labda ulipasuka kwenye chungu. Mifupa hupasuka kwenye chungu. Niliuosha, nikaufunga kwenye karatasi, nikauweka ndani ya bahasha ya vyeti vyangu.

Siku tatu baadaye Fundi alikuwa amesimama uani na mama yangu aliingia akamsalimia kutoka nyuma. Fundi aligeuka kumjibu. Hakuteleza, hakujikwaa, hakuanguka. Aligeuka tu. Mimi nilikuwa kisimani nikausikia mlio, nikadhani mtu kavunja mti mkavu wa pamba. Nilipofika alikuwa ameketi chini, uso una rangi ya majivu, mkono juu ya paja.

"Chini ya chuma," alisema. "Vidole vinne."

Mwanza, daktari yule yule alipima kwenye kompyuta. Akaniuliza kama alianza kusikia maumivu kabla. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini hatukuja. Hakupandisha sauti. Nilifungua mdomo nikajikuta sina lugha yoyote ya kulieleza, Kiswahili wala Kisukuma wala Kiingereza, na mara hii hakukuwa na wa kunitafsiria mimi.

Walimfungua tena, wakaweka bati refu la chuma ubavuni mwa mfupa na kuuzungushia waya. Alipoiona picha alicheka hadi manesi wakaja kuangalia. "Kumbe na wao wanafunga kamba!" alisema. Kwa daktari akatuma ujumbe kwamba fundo la tatu lingekaa vizuri zaidi likiwa juu kidogo. Ujumbe huo niliutafsiri wote.

Alikaa huko kwa jamaa zake muda mrefu. Aliporudi, nilikwenda asubuhi kama zamani, nikafungua kuku. Alikuwa amekaa mlangoni na yule kuku wa mnadani mapajani.

"Huyu ni wa nani?" akauliza.

Niliweka ndoo ya maji chini.

"Nilimshika jioni ile ile uliyomleta. Mguu umenyooka kama sindano, hauna fundo." Alimpitishia gumba kwenye paja, taratibu. "Nikasema, mtoto huyu amesoma, ameona kitu, anatafuta jinsi ya kukisema. Nikangoja. Kila nilipokuuliza nilikuwa nakufungulia mlango."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

"Na wewe?"

Nilitoa ile karatasi. Nilikuwa nayo mfukoni. Siku zile nilitembea nayo. Fundi aliupokea ule mfupa, akafumba macho, akaupapasa kwenye fundo. Kisha vidole vikashuka chini ya fundo, vikasimama.

"Ulipasuka kwenye chungu," nikasema. "Au kabla. Sijui, mayu. Nimejaribu kujua."

"Ulimla?"

"Nilimla."

Nilitarajia ukali. Alichofanya ni kuinama mbele, kwa shida, akaweka kiganja kwenye paja langu la kushoto. Kilikuwa cha moto. Alikipitisha kutoka nyongani hadi juu ya goti kama alivyompitishia kuku, na kuku wote uani walikuwa wamesimama.

"Basi safari hii hakuna kuku," alisema. "Ni wewe. Utakuja kwa miguu kila asubuhi, mimi nitasikiliza. Kukiwa na kitu, utasema."

Nilikwenda. Wiki zikawa miezi. Mwili wangu, ambao sikuwahi kuufikiria chini ya shingo, ukawa kitu ninachokisikiliza njia nzima. Pamba ilipandwa, ikapaliliwa, mimi nilipita katikati yake nikitua miguu kama naipeleka kuazimwa. "Mhola?" aliuliza kutoka ndani. "Mhola duhu," nilijibu, na ilikuwa kweli.

Halafu asubuhi moja, katika shamba la pili, paja la kushoto liliniuma. Halikuuma pale pa Fundi pa zamani. Liliuma chini zaidi, upana wa kiganja juu ya goti. Nilisimama. Nikajaribu tena, likauma. Nilifikiri: nimelala vibaya. Nilifikiri: ni mawazo, mtu akiangalia mguu miezi yote hiyo lazima utauma. Nilifikiri kwamba nikinyoosha mwendo hatua kumi za mwisho, nikazitua sawasawa, hatasikia. Nilifika kwenye minyaa na sikujua nitaingiaje. Ndani kulikuwa kimya. Hata kuku bandani hawakulia.

"Mwangaluka, mayu," nikasema.

Hakujibu.

"Mayu, leo paja linaniuma. La kushoto, juu ya goti. Sijui kama ni kweli, lakini linaniuma."

Nikasikia kitanda kikilia.

"Hata mimi," sauti yake ikasema. "Tangu juzi. Pale chuma kipya kinapoishia. Niitie gari."

Nilipiga simu nikiwa nimesimama pale pale, kisha nikaingia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa kanga ya safari, mfuko umeshafungwa. Alininyooshea mkono nimwinue. Hakunigusa kwa ncha za vidole. Alinishika kiganja chote, na hata aliposimama hakukiachia, tukakaa hivyo mlangoni hadi gari lilipopiga honi nyuma ya minyaa. Chochote vidole vyake vilichosoma, hakukisema.